Bwana von Götzen na Mlima wa Moshi

Leo mimi wa Kigali nawaeleza habari za Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1866. Mwaka 1894 aliingia Rwanda, akaonana na Mfalme Kigeli Rwabugiri, kisha akapanda Nyiragongo, mlima ulioko Kongo karibu na mpaka wetu, akachungulia shimo lake.

Moshi wa mlima ule una hewa ya kiberiti, yaani salfa. Ikipaa, jua na unyevu huigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo hufanya vitone vidogo mno, navyo vikiwa vingi huwa utusitusi unaopunguza mwanga wa jua. Vikiingia mawinguni, mvua hupata uchachu, ikaunguza majani ya mazao.

Götzen alikuwa Gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani toka 1901 hata 1906. Katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, askari wake walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Alikufa mwaka 1910.

Basi wenzangu, mimi naona hivi: mlima huharibu mazao bila kujua, lakini mtu hujua.