Stori ya Tingatinga: Shamba Boi Aliyeshika Rangi ya Baiskeli na Kubadilisha Sanaa ya Afrika Mashariki

Hapa Kenya ukisema Tinga, akili za wengi zinakimbia moja kwa moja hadi kwa siasa. Leo weka siasa kando kidogo. Kuna Tingatinga mwingine, na kama ushawahi kupita Maasai Market pale Nairobi, basi ushakutana na kazi yake bila kujua. Zile picha za chui mwenye madoa ya ajabu, tembo wa bluu, ndege mwenye shingo ndefu kupita kawaida, na rangi zinazong'aa kama nganya mpya imetoka gereji. Hiyo staili ina mwenyewe. Anaitwa Edward Saidi Tingatinga, na ni jina lake la ukoo, si jina la biashara.

Sasa usidhani hii ni stori ya msee aliyezaliwa na bahati. Hakusomea sanaa popote. Hakuwa na studio. Alipoanza kuchora alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na alichora kwa karibu miaka 4 tu kabla maisha yake kukatizwa. Lakini hiyo miaka 4 ilitosha jina lake kugeuka kuwa jina la aina nzima ya sanaa.

Kutoka ushago hadi Dar

Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 huko Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania, karibu na Msumbiji. Wakati huo nchi ilikuwa bado inaitwa Tanganyika na Mwingereza ndiye alikuwa anatawala. Watu wa kwao walikuwa wakulima wa kawaida, na shule aliionja miaka michache tu.

Katikati ya miaka ya 1950 aliamua ushago hapalipi. Akafunga safari hadi Tanga, ambako kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge yaliyokuwa yakivuta vijana kutoka kila pembe. Kama ushawahi kusikia kazi ya mkonge, unajua si mchezo. Ni jua, ni miiba, na mshahara wa kukufanya uhesabu siku.

Baadaye akaingia Dar es Salaam. Jamaa yake aliyekuwa mpishi akamsaidia kupata kazi kwa mzungu mmoja afisa wa serikali. Akawa shamba boi, kukata nyasi na kutunza maua. Bosi alipoondoka, Tingatinga akarudi mtaani kama wengi wetu, leo kibarua hapa, kesho kibarua pale, keshokutwa hakuna.

Hebu simama hapo kidogo. Huyu ndiye mtu ambaye leo picha zake halisi zinasakwa na matajiri wa Ulaya na Japani. Wakati huo ungempita barabarani bila hata kugeuza shingo.

Alitumia alichokuwa nacho

Ilipofika 1968 hivi, alikuwa amegundua kitu. Pale Dar kulikuwa na wasee kutoka Congo waliokuwa wakiuza picha za rangi kwa wageni, na zilikuwa zinanunuliwa. Inasemekana alipoziona akajiambia hata yeye anaweza. Wengi wetu tukifika hapo tunaanza kutafuta visingizio. Sina vifaa. Sijasoma. Sina mtaji. Nitaanza mambo yakikaa fiti.

Tingatinga alienda dukani. Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali, kwa hivyo hakuzigusa. Alinunua hadibodi, zile bodi za kupigia siling'i kwa nyumba. Akanunua na rangi ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli. Akapata brashi. Hiyo ndiyo ilikuwa studio yake yote.

Na hapa ndipo pana siri ambayo watu wengi hawaioni. Ile rangi ya baiskeli haitulii kama rangi ya wasanii. Ukitaka kivuli laini au rangi mbili ziyeyuke pamoja polepole, inakusumbua. Inataka upake rangi nzito moja, ungoje ikauke, kisha uweke nyingine juu. Kwa hivyo picha zake zilikuwa na mandhari ya rangi moja nyuma, mnyama mmoja mkubwa katikati, na madoa na mistari iliyokolea juu yake. Hakutumia rangi nyingi kwa picha moja, maana kila mkebe ulikuwa ni pesa.

Umeona? Kile ambacho mtu angeita umaskini wa vifaa ndicho kilizaa staili. Angekuwa na rangi za bei ghali, pengine angejaribu kuchora kama wazungu, na leo hakuna mtu angemjua. Alibanwa na bajeti, na ile kubanwa ikamsukuma kwa njia yake mwenyewe.

Tena bodi zenyewe alikuwa anazikata vipande vya mraba, saizi ya kubebeka. Mgeni anaweza kuiweka kwa mzigo na kupanda nayo ndege.

Soko chini ya mti

Kuchora ni kitu kimoja, kuuza ni kingine. Tingatinga alijipanga Oysterbay, mtaa wa mabalozi na wageni, nje ya maduka yaliyoitwa Morogoro Stores. Picha zilianikwa hapo chini ya mti, nje wazi, bila ukumbi wa maonyesho na bila kadi ya mwaliko. Mkewe Agatha alikuwa mstari wa mbele kwa hiyo biashara ya kuuza.

Wateja wakaanza kuja. Chui, nyumbu, ndege, mbuyu, watu wa kijijini. Vitu ambavyo mtu wa Tunduru anavijua tangu utotoni. Hakuwa anachora wanyama wa kwa kitabu. Alichora wa kwa kichwa chake, na ndio maana macho yao ni makubwa na miguu yao haifuati sheria.

Lakini hapa pia kuna jambo la kukutia moyo wewe unayeamka mangware kwenda mboka usiyoipenda sana. Hata baada ya picha kuanza kuuzika, Tingatinga alipata kazi kama msaidizi katika hospitali ya Muhimbili na akaichukua. Alikuwa na familia ya kulisha. Alihudumu hospitalini, na muda uliobaki akashika brashi. Hakuona aibu kuwa na kazi mbili, wala hakungoja sanaa imlipe kila kitu ndio ajiite msanii. Baadaye shirika la umma nalo likaanza kununua kazi zake, na mambo yakawa yanaelekea kuzuri.

Hakuficha ujuzi

Si unajua vile watu hufanya wakipata kitu kinacholipa? Wanafunga mlango. Wanaogopa kuigwa. Tingatinga alifanya kinyume. Alileta vijana, wengi wao ndugu na jamaa kutoka kwao kusini, akawaonyesha kazi. Wanaokumbukwa ni watano: January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Abdallah Ajaba na Simon Mpata. Walianza kwa kumuiga yeye, mnyama kwa mnyama, doa kwa doa. Baada ya muda kila mmoja akapata mkono wake.

Huyo Mpata shika jina lake, tutarudi kwake.

Usiku wa 1972

Mwaka wa 1972, kwa ghafla, stori ikakatika. Usiku mmoja Tingatinga alikuwa ndani ya gari pale Dar. Polisi walidhani gari hilo ni la wezi, wakafyatua risasi. Msanii akafa. Alikuwa na miaka kama 40, mke na watoto wadogo.

Inauma hata ukiisoma leo. Hakuzeeka aone matunda, na hakujua kama jina lake lingevuka bahari.

Fikiria sasa kama angekuwa amefungia ujuzi wake chumbani. Ungezikwa naye siku hiyo hiyo. Lakini wale vijana walikuwa tayari wanajua kazi. Wakarudi pale pale Morogoro Stores, wakaendelea kuchora. Wakafunza wengine, na hao wakafunza wengine. Mwaka wa 1990 kikundi kikawa chama cha ushirika, na hadi leo ukienda Oysterbay utawakuta wachoraji wakiwa na mikebe yao.

Na sisi Kenya tuko ndani. Yule Mpata alivuka mpaka akaja kufanyia kazi huku kwetu, na hoteli moja kule Maasai Mara imebeba jina lake, Mpata Safari Club. Halafu mwaka wa 2010 kukaja kipindi cha katuni za watoto, Tinga Tinga Tales, kilichoonyeshwa na BBC. Zile katuni zilitengenezwa hapa hapa Nairobi na vijana wa Homeboyz, wakifuata staili iliyoanzia kwa rangi ya baiskeli.

Si kila kitu kimekuwa kizuri. Jina likikua, na wezi wanakuja. Picha feki zenye sahihi yake zimejaa sokoni. Tena kuna wachoraji wengi wanaorudia simba yule yule mwaka nenda mwaka rudi kwa sababu watalii wananunua. Lakini hata hao, yule mzee aliwaachia mfano wazi. Alichukua wazo kwa Wacongo, halafu hakuchora kama Wacongo. Kuiga ni mlango wa kuingilia. Ukiingia, usikae mlangoni.

Kwa hivyo wewe unayeandika mashairi kwa simu ukiwa kwa mathree, wewe unayeshona nguo usiku baada ya kutoka kazini, wewe unayepika kitu kipya kila Jumapili na kusema ni mchezo tu, angalia kile ulicho nacho kwa mkono sai. Tingatinga alikuwa na kipande cha siling'i na mkebe wa rangi. Wewe una nini hapo kejani?