SEMMELWEIS: DAKTARI ALIYEZIPIMA HOJA TAMU

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Maneno nayo ni vivyo hivyo. Kuna hoja ambayo ukiisikia unaitikia kwa kichwa, kumbe ndani ni tupu kama debe. Katika mjadala wa darasani, hoja ya namna hiyo itakupotezea alama mbili tatu tu. Lakini kule Vienna, nchini Austria, katika miaka ya 1840, hoja kama hizo zilikuwa zikigharimu maisha ya akina mama. Mtu aliyezifichua aliitwa Ignaz Semmelweis.

Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 huko Buda, Hungaria, mji ambao leo ni sehemu ya Budapest. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Kijana alikwenda Vienna kusomea sheria, akaiacha, akashika udaktari na kuhitimu mwaka wa 1844. Miaka miwili baadaye akawa msaidizi wa profesa katika kliniki ya kwanza ya uzazi ya hospitali kuu ya mji huo.

Hospitali hiyo ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ilikuwa ya wakunga. Kati ya mwaka wa 1841 na 1846, karibu akina mama 10 katika kila 100 walifariki katika ile ya kwanza, wengi wao kwa homa ya uzazi. Katika ile ya pili walifariki karibu 4 tu. Akina mama walizipokea habari hizi kwa hofu kuu. Wengine walilia na kupiga magoti wasipelekwe kwa madaktari. Ajabu ni kwamba hata waliojifungulia njiani walipona zaidi kuliko waliozalishwa na wasomi!

Basi wakubwa wakatoa sababu. Wa kwanza wakasema ni hewa mbaya iliyotanda mjini. Hoja ilisikika ya kisomi. Semmelweis akajiuliza: kliniki hizi ziko pamoja, zinavuta hewa moja, mbona hewa iue huku na kusamehe kule? Jambo lililo sawa pande zote mbili haliwezi kueleza tofauti iliyopo kati yao.

Wengine wakasema ni msongamano. Kumbe kliniki ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi, kwani akina mama waliikimbilia! Wengine wakasema eti ni hofu ya padri, aliyepita wadini na kengele akienda kwa wanaokata roho. Semmelweis akamwomba padri apite njia nyingine bila kengele. Vifo havikupungua.

Hoja iliyokuwa ya hatari zaidi ilikuwa ya tume iliyoundwa kuchunguza. Ilisema kosa ni la wanafunzi, hasa wageni, kwamba wanawapima akina mama kwa nguvu. Wanafunzi wakapunguzwa kutoka 42 hadi 20. Na kweli, mwanzoni mwa mwaka wa 1847 vifo vilishuka. Mtu angeshangilia hapo na kufunga kesi. Lakini mwezi wa Aprili vifo vilipanda hadi 18 katika kila 100. Jambo kufuata jingine si ushahidi kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili.

Mwaka huohuo rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alikatwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Akaugua na kufariki, na dalili zake zilikuwa zilezile za akina mama. Hapo Semmelweis akafumbuka macho. Madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Uchafu wa kifo ulisafiri mikononi mwa waganga wenyewe!

Mnamo Mei 1847 akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mama. Mwezi wa Juni vifo vilikuwa takriban 2 katika kila 100, na mwaka mzima wa 1848 vikawa zaidi kidogo ya 1.

Je, alibebwa juu juu kwa shangwe? La hasha! Wakubwa wengi walikataa kuamini kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Walidai ugonjwa huo una sababu nyingi, hauwezi kuwa na moja. Mwaka wa 1849 alipoteza kazi yake, akarudi Hungaria, akaokoa akina mama huko pia. Tusifiche kwamba naye alichangia masaibu yake. Alichelewa kuandika kitabu hadi mwaka wa 1861, na waliompinga akawaita wauaji katika barua za wazi. Ukweli wake ulikosa ulimi wa kuubembeleza.

Mwaka wa 1865 akili yake ilidhoofika, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Siku chache baadaye, tarehe 13 Agosti, alifariki akiwa na umri wa miaka 47, kwa kidonda kilichoingia sumu damuni. Mwezi huohuo, kule Glasgow, Joseph Lister alikuwa akianza kutibu vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu. Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Leo chuo kikuu cha udaktari cha Budapest kina jina la Semmelweis.

Wanafunzi wenzangu, msemaji akisimama ukumbini na hoja tamu, tusipige makofi kwanza. Tuulize: sababu hii iko upande mmoja tu, au pande zote? Tukiiondoa, tatizo litaondoka? Au mambo mawili yamefuatana tu? Kuuliza si ujinga. Kule Vienna, aliyethubutu kuuliza ndiye aliyewarudisha akina mama nyumbani wakiwa hai, na watoto wao mikononi.