John Wallis (1616–1703) na Vitenzi Visaidizi vya Kiingereza

John Wallis alizaliwa tarehe 23 Novemba 1616 mjini Ashford, katika jimbo la Kent, Uingereza. Baba yake, aliyekuwa mchungaji, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka sita. Wallis alisoma katika Chuo cha Emmanuel, Cambridge, naye akawa mchungaji. Wakati wa vita kati ya Mfalme Charles I na Bunge, alilitumikia Bunge kwa kufumbua barua za siri za wafuasi wa mfalme. Mwaka 1649 aliteuliwa kuwa profesa wa jiometri huko Oxford. Ile alama ya ∞ mnayoikuta katika hisabati ni yeye aliyeianzisha, mwaka 1655.

Mtahiniwa wa Kiingereza, hata hivyo, amkumbuke kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza cha mwaka 1653. Alikiandika kwa Kilatini, kwa kuwa aliwalenga wageni waliotaka kujifunza Kiingereza. Yaani, walikuwa watu kama wewe.

Waandishi wengi waliomtangulia waliilazimisha lugha yao ifuate kanuni za Kilatini, ambacho mara nyingi huonyesha wakati kwa kubadili mwisho wa kitenzi. Wallis alikataa. Alieleza kwamba kitenzi cha Kiingereza chenyewe kina nyakati mbili tu, uliopo na uliopita. Nyingine zote hutegemea vitenzi visaidizi. Sisi tunasema nitasoma, na -ta- imo ndani ya neno hilohilo. Mwingereza hana kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo hutanguliza shall au will.

Hapo ndipo wageni walipojikwaa, na Wallis akawawekea kanuni. Katika nafsi ya kwanza, shall hutabiri tu, bali will huahidi au hutishia. Katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka: will hutabiri, shall huahidi au hutishia. Kwa kanuni hiyo, you will leave ni taarifa kwamba utaondoka; you shall leave ni amri, utake usitake. Mgeni aliyechanganya maneno hayo aliweza kumtisha mtu aliyekusudia kumwarifu tu.

Kanuni hiyo ilirudiwa na walimu kwa karne nyingi, pengine kwa ukali kupita kiasi. Siku hizi will hutumika kwa nafsi zote, na shall husikika zaidi katika maswali ya kuomba ushauri au kujitolea, kama shall I open the window?

Wallis alichunguza pia jinsi sauti zinavyotamkwa kinywani. Kwa ujuzi huo alimfundisha kijana kiziwi, Daniel Whaley, kutamka maneno, na mwaka 1662 kijana huyo alionyeshwa mbele ya wanasayansi wa Royal Society jijini London. Wallis alifariki Oxford tarehe 28 Oktoba 1703, akiwa bado profesa baada ya miaka 54.