Bugeaud: Sanamu ya shaba na moshi wa Dahra

Katikati ya jiji la Algiers upo uwanja mmoja ambao kwa miaka 110 ulisimama sanamu ya shaba ya mwanajeshi wa Kifaransa. Mwanajeshi huyo ni Thomas Robert Bugeaud, Marshali wa Ufaransa na Gavana Mkuu wa Algeria. Nimeona nimwandike kwa sababu vijana wetu wengi wanamjua Napoleon, lakini Bugeaud hawamjui, na mbaya zaidi, hawamjui Amir Abdulqadir aliyepambana naye. Mtu akisimamishiwa sanamu, wapita njia wana haki ya kuuliza: huyu alifanya nini?

Bugeaud alizaliwa Limoges mwaka 1784. Aliingia katika jeshi la Napoleon akiwa kijana, akapigana Austerlitz mwaka 1805, kisha akapelekwa Hispania. Huko alijifunza vita vya wananchi wasiokubali kutawaliwa, wanaopiga na kutoweka. Napoleon alipoanguka mwaka 1815, Bugeaud alirudi shambani kwake Dordogne akawa mkulima, na kwa kilimo alisifika kweli. Baada ya mapinduzi ya 1830 alirudi jeshini, na mwaka 1831 akachaguliwa kuwa Mbunge. Alikuwa mtu wa hasira: mwaka 1834 alimuua kwa bastola Mbunge mwenzake, Dulong, katika pambano la kulinda heshima.

Ajabu ni kwamba mwanzoni Bugeaud hakuipenda vita ya Algeria. Aliiona ni mzigo kwa Ufaransa. Mwaka 1837 alitia saini mkataba wa Tafna na Amir Abdulqadir, ambao uliitambua mamlaka ya Amir katika sehemu kubwa ya bara la magharibi. Amani hiyo ilivunjika mwaka 1839. Basi alipofika Algiers kama Gavana mwaka 1841, Bugeaud alikuwa mtu mwingine. Aliyeikataa vita sasa aliitaka yote, mpaka mwisho.

Na alipiganaje? Hapa ndipo penye nukta. Aliacha mizinga mizito na mikokoteni, akaunda vikosi vyepesi vinavyobebewa mizigo na nyumbu, viweze kumfuata Amir popote. Kisha akageukia riziki za watu. Askari wake walichoma mashamba, wakakata miti ya matunda, wakafukua maghala ya nafaka yaliyo chini ya ardhi na kuswaga mifugo. Mwenye njaa hana nguvu ya kupigana. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Kufikia mwaka 1846 alikuwa na askari zaidi ya 100,000 katika nchi hiyo. Mwaka 1843 akapewa umarshali, na tarehe 14 Agosti 1844 akalishinda jeshi la Morocco katika mto Isly, akaitwa Duke wa Isly.

Juni 1845, katika milima ya Dahra, watu wa kabila la Ouled Riah walikimbilia pangoni, wanaume, wanawake, watoto na mifugo yao. Kanali Pélissier aliwasha moto kwenye milango ya pango. Waliokufa kwa moshi walikuwa mamia; wapo wanaokadiria kuwa walizidi elfu moja. Kanali huyo hakujitungia mbinu hiyo. Agizo la kuwafukizia moshi watakaojificha mapangoni lilikuwa limetoka kwa Bugeaud mwenyewe siku chache kabla. Habari zilipofika Paris, wapo Wafaransa waliosimama bungeni kulaani. Haki isemwe: si kila Mfaransa aliunga mkono. Lakini Bugeaud alimtetea kanali wake, na Pélissier naye baadaye akawa marshali.

Bugeaud aliacha ugavana mwaka 1847. Desemba mwaka huo huo Amir aliweka silaha chini kwa ahadi kwamba ataachwa aende Alexandria au Akka. Ahadi haikutimizwa, alifungwa Ufaransa hadi mwaka 1852. Bugeaud hakuuona mwaka huo, kwani kipindupindu kilimuua Paris mwaka 1849, akazikwa Invalides kwa heshima zote.

Sasa tazama mwaka 1852. Ndio mwaka Amir alipofunguliwa, na ndio mwaka sanamu ya Bugeaud, kazi ya mchongaji Dumont, ilipozinduliwa Algiers. Ilisimama mbele ya macho ya wajukuu wa waliochomewa mashamba. Huku nyuma, Amir aliyeitwa mshenzi alihamia Damascus, na mwaka 1860 ghasia zilipozuka dhidi ya Wakristo, aliwafungulia nyumba yake akaokoa maelfu yao. Ufaransa ile ile iliyomfunga ikampa nishani.

Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962, sanamu ya Bugeaud iliondolewa. Leo pale pale anasimama Amir juu ya farasi, na uwanja una jina lake. Bugeaud wa shaba alipelekwa Ufaransa, akasimamishwa Excideuil, Dordogne. Huko kwao nako mambo yamebadilika. Mwaka 2024 jina lake liliondolewa kwenye barabara moja kubwa ya Paris.

Sisi Waislamu suala la sanamu lina hukumu zake, nami siingii huko. Ninachouliza ni hiki: watu wa Ouled Riah wana ukumbusho gani vichwani mwetu? Kuibomoa shaba ni kazi ya siku moja. Kumfundisha mtoto nini kilitokea Dahra, na kwa nini aliyeshindwa vitani ndiye aliyewaokoa Wakristo wa Damascus, ni kazi ya mzazi na mwalimu kila mwaka. Amir alikuwa mwanachuoni kabla ya kushika upanga. Waalimu wetu wa madrasa na wa shule za Kiislamu wakimpa japo vipindi viwili katika somo la tarekh, watakuwa wamefanya jambo kubwa.