Abu Rayhan al-Biruni: Mwanachuoni Aliyeipima Dhahabu kwa Maji

Leo ukikaa kwenye futari, hebu litazame jagi la sharubati. Vipande vya barafu viko juu, havizami. Barafu ni maji, na hiyo sharubati nayo nyingi yake ni maji. Sasa mbona maji yaelea juu ya maji?

Usicheke. Swali hili Muislamu mmoja alimwandikia Ibn Sina zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Akamwongezea na jingine: ikiwa baridi hufanya vitu vinywee, kwa nini chupa iliyojaa maji hupasuka maji yakiganda ndani yake? Muulizaji ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Madrasa tumewasoma maimamu wa fiqhi na hadithi, na ni haki yao, lakini jina hili mimi nimekuja kukutana nalo chuo kikuu. Niliona haya.

Alizaliwa mwaka 362 Hijria, sawa na 973 Miladia, pembezoni mwa mji wa Kath katika nchi ya Khwarazm, sehemu ambayo leo iko Uzbekistan. Biruni kwa Kiajemi ni mtu wa nje ya mji, basi ndipo jina lilipotoka. Alisomeshwa na Abu Nasr Mansur, bingwa wa hesabu aliyekuwa wa ukoo wa watawala. Akiwa na miaka 17 hivi, rika la kidato cha tatu au cha nne, alipima kimo cha jua akatambua mji wao uko wapi juu ya uso wa dunia. Mwaka 995 vita vikauangusha ukoo ule, naye akakimbia kwao. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna akaiteka Khwarazm na kumchukua hadi Ghazna, Afghanistan ya leo, na hakuwa huru kwenda atakako. Mwingine angekaa akalia. Yeye alifika India, akajifunza Kisanskriti, na mwaka 1030 akamaliza kitabu kikubwa juu ya watu wa huko. Humo ametaja bandari ya Somnath, kituo cha wasafiri kati ya Sufala ya Wazanji na Uchina. Yaani habari za vyombo vya upande wetu huu wa bahari zilimfikia.

Sasa ewe kijana, sogea karibu, maana hapa ndipo penyewe. Uzeeni aliandika kitabu juu ya vito na madini. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza chombo chenye tumbo pana, shingo nyembamba na mrija ubavuni. Akikijaza maji mpaka yaishie mdomoni mwa mrija, kisha akitumbukiza kipande cha madini, maji yanayosukumwa nje huanguka kwenye kitanga cha mizani, naye huyapima. Kwa madini alitumia dhahabu ya mithqali 100 kuwa kipimo. Mithqali unaijua, ndiyo ile ya somo la zaka, nisabu ya dhahabu mithqali 20. Basi mithqali 100 za dhahabu zilitoa maji ya mithqali 5 na kitu tu. Maana yake dhahabu ni nzito karibu mara 19 kuliko maji ya ujazo ule ule. Maabara za leo zinasema 19.3. Mtu na mizani yake!

Uzito huu kwa ujazo ndio walimu wa sayansi wanaouita densiti, na ni sifa ya maada yenyewe. Pete au mkufu, kidogo au kingi, dhahabu safi haibadilishi hesabu yake. Rangi yaweza kukudanganya. Shaba ya njano ikipakwa dhahabu itang'aa vile vile, lakini kwa uzito ule ule itamwaga maji zaidi ya mara mbili. Wewe unayetafuta mahari, umesikia? Na barafu pia jibu lake liko hapa hapa: maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, uzito ukabaki ule ule. Ndiyo maana yaelea, na ndiyo maana chupa hupasuka.

Hakupenda maneno ya kusikia tu. Watu walisema nyoka akiiona zumaridi macho hupofuka. Biruni akamvisha nyoka zumaridi, akamtandikia zumaridi, muda wa miezi 9, joto na baridi. Nyoka hakupata hata chongo.

Turudi kwetu Kwale. Tangu mwishoni mwa 2013 hadi Disemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa Maumba na Nguluku, ikausafirisha kupitia Likoni. Sisi tukiona malori tu, tukisema ati wanabeba mchanga. Kumbe ndani mna ilmenaiti, rutili na zirkoni. Utazitenganishaje chembe hizo? Mchanga hutiwa maji ukapitishwa kwenye mifereji ya kuzunguka. Mchanga wa kawaida, mzito mara 2.65 kuliko maji, husukumwa kando, na madini yaliyo zaidi ya mara 4 hubaki. Kisha sumaku huvuta ilmenaiti kwa vile ina chuma, na umeme hutenga rutili, inayoupitisha, na zirkoni, isiyoupitisha. Hakuna kilichogeuka kuwa kitu kingine, sifa tu zimetumika. Sifa hizo hizo mimi nilizikariri kidato cha kwanza ili nipite mtihani, na mgodi uko jirani, wala sikuuliza. Migodi hufungwa, lakini mchanga wa Kwale bado upo na kesho atakuja mwingine na mizani yake. Wewe utakuwa umesimama wapi?

Biruni alifariki Ghazna yapata mwaka 440 Hijria. Inasimuliwa kuwa faqihi mmoja alimzuru akiwa katika pumzi za mwisho, naye akamuuliza juu ya suala la mirathi ya bibi ambalo waliwahi kulizungumza. Faqihi akamhurumia, akamuuliza kama huu ndio wakati wake. Biruni akamjibu kwamba ni bora aiage dunia akilijua kuliko kuiaga hali hajui. Basi akamfafanulia, naye akalirudia mpaka likamkaa. Faqihi akaaga, akatoka. Hajafika mbali, akasikia kilio kutoka nyumba ile.