Maisha ya Henry Ford, Mtengenezaji wa Motokaa

Mwisho wa mwaka huu nitaondoka hapa shuleni, na baba anataka nimsaidie dukani. Kwa hiyo nimekuwa nikijiuliza: mfanya biashara afuate njia ipi ili auze? Nimeona vema kuwaeleza habari za Henry Ford wa Marekani, maana njia kubwa tatu za biashara zinaonekana katika maisha yake.

Ford alizaliwa tarehe 30 Julai, 1863, shambani katika jimbo la Michigan. Hakupenda kilimo, bali mashine. Alipopata miaka 16 alikwenda mji wa Detroit kujifunza ufundi, na mwaka 1903 akaanzisha Ford Motor Company.

Siku zile motokaa ilikuwa kitu cha matajiri. Ford alinuia kutengeneza motokaa imara kwa watu wa kawaida, nayo ndiyo Model T ya mwaka 1908. Mwaka 1913 alipanga kazi kwa namna mpya: fundi alisimama mahali pake, na motokaa ikamfuata. Kazi ya kuunga fremu, iliyochukua zaidi ya saa 12, ikawa ya saa moja na nusu hivi. Bei iliyoanza zaidi ya dola 800 ilishuka hata chini ya dola 300. Hiyo ndiyo njia ya kwanza: tengeneza kwa wingi, punguza bei, na wanunuzi watakuja wenyewe. Nao walikuja kwa mamilioni.

Njia ya pili ni kumsukumia mtu bidhaa. Biashara ilipolala mwaka 1920 na 1921, Ford akiwa na madeni, aliwapelekea mawakala wake motokaa wasizoziagiza, akataka fedha taslimu. Wengi walikopa benki ili wamlipe. Ford alipona, lakini mzigo aliutua mabegani mwa wengine.

Njia ya tatu ilishikwa na washindani wake, General Motors, chini ya Alfred Sloan. Wao walimtazama mnunuzi kwanza: wakaunda motokaa za namna nyingi, kwa mwenye kidogo na mwenye kingi, wakakubali kulipwa kidogo kidogo. Lakini Model T, tangu 1914 hata 1925, ilikuwa nyeusi tu. Edsel, mwana wa Ford, alimshauri baba yake abadili, mzee akakataa. Sisi hufundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye aliyekataa kusikia la mwanawe. Mwaka 1927, baada ya motokaa milioni 15, ilimbidi aiache Model T, na kazi ikasimama miezi kadhaa mpaka Model A ilipokuwa tayari.

Edsel alifariki mwaka 1943. Ford mwenyewe alifariki tarehe 7 Aprili, 1947, akiwa na miaka 83.

Namheshimu Ford kwa kuwapatia watu wadogo motokaa. Lakini nitakapoingia dukani kwa baba, nitaomba daftari moja tu, niandike kila kitu ambacho wateja wamekiulizia wakakikosa. Natumaini mzee atakubali kulisoma.