Mbaraka Mwinshehe: Gitaa la Mji Kasoro Bahari

Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907, makazi yaliyotulia chini ya Milima ya Uluguru yaligeuka njia panda ya nchi. Mashamba ya mkonge yalivuta vibarua kutoka pembe nyingi, nayo magari ya kwenda Iringa na Dodoma hayakuwa na budi kupita hapo. Wakazi waliupa mji wao jina la Mji Kasoro Bahari, kwa maana kwamba kila kinachohitajika kipo, imepungua bahari tu. Katika orodha ya vilivyokuwapo, muziki wa dansi ulikuwa karibu na juu kabisa. Ni miji michache ya ukubwa ule katika Afrika Mashariki iliyoweza kulisha bendi mbili kubwa kwa wakati mmoja, kila moja na wafuasi wake wasiokubali kushindwa.

Bendi ya kwanza kati ya hizo ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mwana wa Morogoro aliyezipenda mno sahani za santuri kutoka Kuba na akaingiza mapigo yake katika nyimbo za Kiswahili. Ya pili, Morogoro Jazz, ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka huohuo alizaliwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mtoto ambaye miaka ishirini baadaye angelifanya jina la bendi hiyo lijulikane hadi ng'ambo.

Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana aliyetoka tu katika umri wa shule. Wakati ule mji ulikuwa kwenye majonzi au ulikuwa unayakaribia, kwani Salum Abdallah alifariki dunia kwa ajali ya gari mwaka 1965, jina lake likiwa juu. Juma Kilaza aliichukua Cuban Marimba na kuiendeleza, na ushindani wa bendi hizo mbili ukaanza upya kwa sura mpya.

Silaha ya Mbaraka ilikuwa gitaa la solo. Wapigaji wengi wa zama zile walimwachia mwimbaji nafasi ya mbele na kuingia kati pale tu alipopumzika. Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, hivyo gitaa lake halikungoja zamu. Lilijibu sauti yake, likaipinga, wakati mwingine likamalizia jambo ambalo maneno yaliliacha hewani. Wimbo ulianza taratibu kwa kisa, mara nyingi kisa cha nyumbani: mapenzi yaliyovunjika, ndugu waliogeukana, fedha zisizotosha. Kisha magitaa yalishika kasi na ukumbi mzima ukasimama. Bendi iliipa midundo yake majina, kwa desturi ya wakati huo ya kila bendi kuwa na mtindo wake, na Sululu na Likembe ni miongoni mwa majina ambayo wazee wa Morogoro bado huyataja.

Ukumbi ndio uliokuwa karakana yake. Wimbo mpya ulijaribiwa mbele ya wachezaji, ukakatwa au kurefushwa kulingana na jinsi walivyoupokea. Kazi hiyo ilifuatiwa na safari ya kilomita zisizopungua 190 hadi Dar es Salaam, katika studio za Radio Tanzania, kwa kuwa Morogoro haikuwa na mahali pa kurekodia. Huko bendi nzima ilipiga kwa pamoja moja kwa moja kwenye utepe. Hapakuwa na namna ya kurekebisha sauti moja baadaye. Mpiga besi akikosea mwishoni, wote walirudi mwanzo. Ukali wa nidhamu hiyo husikika mpaka leo katika rekodi zile, na si rahisi kusema kama vifaa bora zaidi vingewasaidia au vingewalegeza.

Radio Tanzania ndiyo iliyompeleka Mbaraka katika kila wilaya yenye redio ya mkulima. Taifa lilikuwa changa, Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na idhaa ya taifa ilitaka muziki wa nyumbani. Hata hivyo, idhaa ilirekodi kwa ajili ya kutangaza, wala haikuwa kiwanda cha santuri. Nchi haikuwa na mtambo wa kufyatua sahani, kwa hiyo mwimbaji aliyetaka kazi yake iuzwe dukani alilazimika kutazama Nairobi. Jambo hilo dogo la kiufundi liliamua sehemu kubwa ya maisha ya Mbaraka yaliyobaki.

Kabla ya hapo ilikuja safari ambayo hakuna bendi ya mkoani iliyoitarajia. Mwaka 1970 Japani iliandaa Maonesho ya Dunia mjini Osaka, kuanzia Machi 15 hadi Septemba 13. Nchi 77 zilishiriki, na watu zaidi ya milioni 64 waliingia katika viwanja hivyo. Katikati ya uwanja msanii Taro Okamoto alikuwa amesimamisha Mnara wa Jua, sanamu yenye urefu wa mita 70 na nyuso kadhaa, ambayo imesimama mpaka leo. Tanzania ilikuwa na banda lake, na muziki wake uliwakilishwa na Morogoro Jazz. Vijana waliozoea kumbi za mji mmoja chini ya Uluguru walijikuta wakipiga mbele ya wageni wasiojua neno la Kiswahili, mahali ambapo mataifa makubwa yalikuja kuonesha roketi na mitambo. Marekani, kwa mfano, ilionesha jiwe lililoletwa kutoka mwezini. Tanzania, pamoja na mambo mengine, ilionesha gitaa la Mbaraka, na haikuwa chaguo la kuonea haya.

Waliporudi, Mbaraka hakuwa tena mpiga gitaa wa mkoa. Alitunga pia kuhusu mambo mazito ya nchi. Desemba 25, 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima Saidi Mwamwindi, tukio lililotikisa taifa lililokuwa katikati ya kampeni ya vijiji vya ujamaa. Morogoro Jazz ilitoa wimbo wa kumwomboleza Dk. Kleruu. Kwa wasikilizaji wengi wa vijijini, nyimbo kama hizo zilitunza habari kwa muda mrefu kuliko taarifa yenyewe, kwani taarifa husomwa mara moja na wimbo hurudiwa.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano. Uzito wa hatua hiyo hauonekani kwa urahisi leo. Katika utaratibu wa zama zile, vyombo vilikuwa mali ya klabu au ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na majeshi nayo yalikuwa na bendi zao. Mwanamuziki aliyehama aliacha gitaa, spika na ngoma, akabeba vidole na jina. Aliyeajiriwa na kiwanda au jeshi alikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwenye bendi binafsi alikuwa na viingilio vya mlangoni tu. Mbaraka alichagua mlango. Mtindo wa bendi mpya ukaitwa Masika, jina la mvua ndefu ambazo kila mkazi wa miteremko ya Uluguru anajua zinavyoingia: bila kupiga hodi.

Kwa kuwa mapato ya mlangoni hayatoshi kuendesha bendi, santuri zikawa za lazima, na njia ya Nairobi ikawa njia ya kawaida. Kazi zake zilitolewa na kampuni ya Polygram ya huko kwa nembo ya Polydor. Sahani ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo mrefu wa ukumbini ulikatwa vipande viwili: kisa upande wa kwanza, magitaa upande wa pili. Mtaa wa Saba, Jogoo la Shamba na Shida zilivuka mpaka na kupendwa Kenya kama zilivyopendwa nyumbani. Methali husema jogoo la shamba haliwiki mjini. Huyu aliwika Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na bado alitambuliwa kama wa Morogoro.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Kwa mwanamuziki ambaye studio yake ilikuwa upande mmoja na nyumba yake upande mwingine, hilo lilikuwa kama kukatwa nyuzi. Hata hivyo Mbaraka aliendelea kufanya kazi Kenya. Mwishoni mwa 1978 nchi yake iliingia vitani dhidi ya majeshi ya Idi Amin yaliyovamia Kagera. Januari 1979, vita vikiendelea, zilikuja habari kutoka Mombasa kwamba amefariki dunia kutokana na ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 34. Morogoro, ambayo miaka kumi na minne nyuma ilimpoteza Salum Abdallah kwa namna hiyohiyo, ilibaki bila vinara wake wawili wakubwa. Kifo hicho kilimkuta katika mji wenye bahari.

Baada yake mauzo hayakusimama. Miaka ya 1980 Polygram ilitoa mfululizo wa santuri zake kwa jina la Ukumbusho, na mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya baadhi ya nyimbo za Super Volcano katika diski iliyoitwa Masimango. Wakati Mbaraka anarekodi, mtunzi wa nyimbo nchini hakuwa na chombo cha kukusanya malipo kwa niaba yake. Chama cha Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kilitokana na sheria ya mwaka 1999, miaka ishirini baada ya kifo chake. Sheria hiyo iliweka ulinzi wa kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kufa, muda ambao kwa tungo za Mbaraka unafikia mwaka 2029. Rekodi zake zimegawanyika: nyingine ni za Nairobi, na nyingine ni zile zilizorekodiwa Dar es Salaam na Radio Tanzania, ambayo hazina yake ya kanda ilirithiwa na TBC.